Mbona historia ya Kengeleni ilipwe mshahara Virginia?

Makanga wa Mombasa wanaita "Kengeleni! Kengeleni!" tangu alfajiri hadi usiku. Tunapanda, tunalipa, tunashuka. Mimi nimeshuka hiyo steji tangu darasa la kwanza na haki ya Mungu sikuwahi kuuliza: kengele gani?

Kengele iko. Imetundikwa kwenye mnara wake, na magari yanaizunguka kama haipo. Iliwekwa ili kuwaonya watu wa Freretown kwamba wateka watumwa wanakuja. Freretown ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, ikapewa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar 1872 kumbana Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Waliowekwa pale ni watu waliokamatwa bara, wakapakiwa kwenye majahazi, kisha meli za Waingereza zikayanasa majahazi njiani. Wengine walikuwa wameshapelekwa India, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik, halafu wakarudishwa pwani yetu wakijua Kiingereza, lugha za Kihindi na kazi za mikono. Waliitwa Waafrika wa Bombay. Yaani kulikuwa na diaspora iliyorudi nyumbani kabla hata Nairobi haijakuwa mji.

Nyanya yangu mzaa baba ni mtu wa hapo. Ukimuuliza kabila anakujibu "sisi ni Wamisheni" halafu anabadilisha mada. Nilipoenda kuchukua kitambulisho, karani wa ofisi moja akaniuliza kabila, nikasema Mmisheni. Akacheka. "Hilo ni kanisa, kijana. Kabila?" Nyanya alikuwa ameniambia mapema: "Wakikusumbua waambie Mgiriama, yaishe." Nikasema hivyo. Yakaisha. Lakini mpaka leo hiyo sentensi inaniwasha.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike. Binti ya shangazi yangu ana digrii ya uzamivu. Nyumbani tunamwita Dakta, na yeye hapendi, kwa hivyo tunazidisha. Tasnifu yake inahusu majina: watu walioshushwa Freretown walipewa majina mapya, na yeye alitaka kujua majina ya zamani yalienda wapi, nani aliyashika kisirisiri, nani aliyapa watoto wake. Alimaliza, akavaa kofia, tukapika pilau. Halafu akarudi kufundisha kwa kibarua, kozi tatu kwenye vyuo viwili, akilipwa pale wanapokumbuka. Hiyo ndiyo miaka ambayo mtu wa uzamivu anatakiwa kuwa anaandika kitabu chake cha kwanza.

Wasee wengi kwenye komenti zangu hawajui kitu kinaitwa posidoki, na mimi pia sikujua, kwa hivyo hakuna kuchekana. Ni hivi. Ukimaliza uzamivu, una tasnifu. Tasnifu si kitabu. Ni mtihani mrefu ulioandikiwa watu wanne au watano wenye uwezo wa kukuangusha. Kuigeuza iwe kitabu kunahitaji kurudi kwenye nyaraka, kuuliza maswali uliyoyaogopa, kutupa nusu na kuandika upya. Kazi hiyo haiwezekani ukiwa unasahihisha karatasi 300 za mitihani. Posidoki inakununulia muda: mwaka mmoja au miwili ya mshahara, ofisi, kadi ya maktaba inayofungua kila mlango, na chumba ambamo wenzako wanasoma sura yako na kuichanachana mbele yako kwa manufaa yako. Pengine unafundisha kozi moja. Sharti kubwa ni uwe umemaliza uzamivu si zamani sana, kwa kawaida ndani ya miaka michache. Ukichelewa, dirisha linafungwa, na halifunguki tena.

Kwa wanaosoma habari za Waafrika waliotawanyika duniani, madirisha hayo karibu yote yako Marekani. Chuo Kikuu cha Virginia kina Taasisi ya Carter G. Woodson, iliyoanzishwa 1981, ambayo huwapa watafiti miaka miwiwili, walio karibu kumaliza uzamivu na waliomaliza. Harvard wana taasisi ya W. E. B. Du Bois tangu 1975. Harlem kuna Kituo cha Schomburg. Emory wana yao. Ukitaka kulipwa ufikirie kwa utulivu kuhusu watu waliong'olewa Afrika, unaandika barua kwenda huko.

Mimi mwenyewe hizi habari nilizipata kwa mlango wa nyuma, na sitajificha. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Nikaingia kwenye kazi ambayo vijana wengi wa Kenya wanaijua vizuri kuliko wanavyokubali mbele za wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Akaunti ya jamaa, mimi naandika, yeye anachukua chake. Usiku mmoja ikaja oda ya kurasa 8 kuhusu Arturo Schomburg, inatakiwa kabla ya saa mbili asubuhi. Dola 4 kwa ukurasa. Nilikuwa sijawahi kusikia hilo jina.

Schomburg alizaliwa Puerto Rico 1874. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo mwalimu alimwambia watu weusi hawana historia, na yeye akatumia maisha yake yote kumjibu. Hakuwa na digrii. Alifanya kazi ya kupanga barua kwenye benki New York, na mshahara wake ukaishia kwenye vitabu, barua za zamani, picha na hati za watu weusi kutoka kila pembe ya dunia. Mwaka 1926 maktaba ya umma ya New York ilinunua mkusanyo wake kwa dola 10,000, pesa zikitoka kwa shirika la Carnegie. Nilimaliza zile kurasa 8 saa kumi na moja asubuhi, nikakaa tu kitandani nimekodolea dari. Kijana fulani Marekani alipata alama kwa ile insha. Mimi nilipata dola 32 kasoro za jamaa, na ugonjwa wa historia ambao haujapona.

(Kabla hamjaanza: hapana, hii si ile stori ya "hata Schomburg hakusoma chuo, acheni shule." Schomburg alisoma kuliko maprofesa. Na kila nikipita getini kwa kile chuo nilichoacha roho inaniuma. Usiache shule kwa sababu mimi nina pete ya taa na maikrofoni.)

Baada ya hapo nikawa nachagua oda za historia tu. Ndivyo nilivyojua kwamba hizo nafasi za Marekani hazikuanguka kama mana. Carter Woodson alizaliwa 1875, mwaka uleule wa Freretown, na wazazi waliokuwa watumwa. Akapata uzamivu Harvard 1912, mweusi wa pili baada ya Du Bois. Akaanzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi 1915, jarida mwaka uliofuata, na 1926 ile wiki ya historia ambayo baadaye ikawa mwezi mzima. Halafu Novemba 1968 wanafunzi wa San Francisco State waligoma. Walikaa mgomoni mpaka Machi 1969, wakapigwa na polisi, wakakamatwa, na walipotoka walikuwa na idara ya masomo ya watu weusi na chuo kizima cha masomo ya jamii zilizobaguliwa. Vyuo vingine vikafuata. Mshahara wa mtafiti wa leo Virginia una damu ya hao vijana ndani yake.

Nawaambia hivi kwa sababu kizazi chetu kiliingia barabarani Juni 2024 na kinajua bei ya kudai kitu. Sisi tulidai mswada wa fedha uondolewe. Wao, katika madai yao, waliandika: tunataka walimu, tunataka kozi, tunataka bajeti. Mimi nilikuwa na bango siku ile na sikufikiria maktaba hata kidogo.

Na hapa ndipo kinachonichoma zaidi. Hii elimu ya diaspora ya Kiafrika, kama jina na kama somo, sisi wa huku tulikuwepo ikizaliwa. Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana Dar es Salaam, na hapo Mwingereza George Shepperson akatoa mada kuhusu Waafrika walioko nje na neno hilo "diaspora". Vitabu vingi vya somo hili vikitafuta mwanzo wa jina vinarudi kwenye kile chumba cha Dar. Kisha kuna Joseph Harris, Mmarekani mweusi wa Chuo Kikuu cha Howard. 1971 alitoa kitabu kuhusu Waafrika waliopelekwa Asia, wakati wenzake wengi walikuwa wanaangalia Atlantiki tu. Alifuata ile njia ya majahazi mpaka ikamfikisha wapi? Freretown. 1977 kumbukumbu za Mzee James Juma Mbotela alizozikusanya zikachapishwa Nairobi. Mbotela ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, 1934, na ni ukoo huohuo wa Freretown uliomtoa Leonard Mambo Mbotela, ile sauti ya redio ambayo wazazi wetu wakiisikia wanakaa wima. Harris aliandaa kongamano la masomo ya diaspora Howard 1979, na la pili likafanyika Nairobi, 1981.

Nairobi, 1981! Mwaka uleule Taasisi ya Woodson inafunguliwa Virginia. Wao wakabaki na taasisi, sisi tukabaki na picha ya pamoja.

Leo ukisema "diaspora" Kenya, mtu anasikia Western Union. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na kuna idara nzima ya serikali kwa ajili yao. Sawa, mimi pia nina mjomba Qatar na simkatai akinitumia kitu. Lakini kuna ndugu zetu wengine ambao hawatumi pesa kwa sababu walichukuliwa miaka 150 au 200 iliyopita, na hatuna hata dawati moja la kuwaulizia.

Hebu fikiria Gujarat, India. Kuna watu wanaitwa Wasidi, weusi kama sisi, na ngoma yao wanaiita goma. Goma! Huhitaji mkalimani hapo. Karachi kuna Washidi wanaokusanyika Manghopir kwenye ziara yenye mamba. Mwaka 2018 mama mmoja wa jamii hiyo, Tanzeela Qambrani, aliingia bunge la jimbo la Sindh, wa kwanza kwao. Kuna jamii zetu Iran, Iraq, Oman na nchi zote za Ghuba, ambako babu zao walizamishwa baharini kutafuta lulu na kupandishwa mitende kuangua tende. Tende zile nyingine zilikuwa zinapakiwa melini kwenda kuuzwa New York. Kwa hivyo hata hizo bahari mbili, ya Hindi na ya Atlantiki, ziliunganishwa na mikono ya watu wa kwetu.

Nani atayasoma haya vizuri? Mtu mwenye Kiswahili cha kuzaliwa, anayesikia goma akajua ni ngoma, anayesikia jina la ukoo Kisauni akajua ni la Wayao wa kusini. Lakini anayetoa mshahara ndiye anayechagua swali. Fedha zikiwa Virginia, Harlem na Cambridge, ni haki yao waulize kwanza habari za Virginia, Harlem na Karibi. Siwalaumu. Hiyo ni historia yao na waliipigania. Tatizo ni sisi kutaka jirani apike chakula chetu jikoni kwake halafu tulalamike kwamba amekitia chumvi nyingi.

Na karatasi zenyewe? Nyaraka za CMS, zikiwemo barua na ripoti zilizoandikwa Freretown kuhusu babu wa nyanya yangu na wenzake, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Baadhi ya machapisho yao yamewekwa mtandaoni, nyuma ya mlango wa kulipia. Dakta aliyasoma machache kwa nywila ya rafiki yake. Mtu anaiba nywila ili asome jina la babu yake.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimeizunguka tangu mwanzo.

Mwaka juzi Dakta alinipa flashi nimsaidie kusafisha sauti za mahojiano yake, kwa sababu mimi nina programu na yeye ana kozi tatu. Ndani yake kulikuwa na sauti ya nyanya. Dakika 40. Nyanya alikuwa anasema jina la babu yake, lile la kabla ya ubatizo, ambalo mimi mjukuu wake sikuwahi kulisikia. Analisema polepole, anarudia, halafu analia kidogo, halafu anaomba chai.

Nikakata sekunde 58. Nikaweka picha ya kengele, muziki wa chini, maandishi makubwa. Nikaposti.

Ilipaa. Watazamaji laki nne kwa siku tatu, wafuasi wapya, kampuni ya viatu ikanitafuta nikavaa viatu vyao kwenye video mbili. Kodi ya miezi minne nililipa na sauti ya nyanya yangu. Jina la Dakta sikuliweka popote. Niliandika "utafiti wangu". Mimi!

Dakta hakupiga kelele, na hilo ndilo lilikuwa baya. Aliniletea karatasi. Kumbe kila mtu aliyemhoji aliweka sahihi au dole gumba kwenye fomu inayosema sauti itatumika kwa utafiti tu, na jina halitatajwa bila ruhusa. Alinionyesha dole la nyanya. "We kijana," akasema, "mimi nilienda pale mara sita kabla hajaniambia lile jina. Mara sita nikinywa chai tu. Wewe umelitoa kwa watu laki nne kabla hajajua video ni nini." Mzee mwingine wa mtaa, ambaye alikuwa ameahidi kuhojiwa, alifunga mlango. Alisema hataki kuwa kwenye simu za watu. Nyanya mwenyewe aliambiwa sokoni na muuza samaki. Aliniuliza jambo moja tu: "Na hao wote sasa wanalijua?"

Niliifuta. Bila shaka inazunguka bado kwenye akaunti za watu wengine.

Hapo ndipo nilielewa ile miaka miwili inanunua nini. Mimi kazi yangu inaisha baada ya sekunde 58. Kazi yake inahitaji mara sita za kunywa chai, na mtu lazima alipie hiyo chai. Sisi watu wa kontenti tunakula kwenye sahani ya watafiti na hata sahani hatuoshi. Angalia kurasa zote za historia unazozipenda, yangu ikiwemo, halafu uhesabu ni ngapi zinataja aliyekaa kwenye nyaraka.

Dakta aliomba nafasi moja Marekani msimu uliofuata. Nilimsaidia kwa mambo ya kompyuta, ilikuwa njia yangu ya kuomba msamaha. Wanataka muhtasari wa mradi, sura moja, wasifu, na barua tatu za maprofesa. Profesa wake wa kwanza yuko ughaibuni siku hizi, akajibu siku hiyohiyo. Wa pili alijibu baada ya wiki tatu. Wa tatu tulimtafuta hadi kanisani. Kuomba kwenyewe kulikuwa bure, lakini tulipiga hesabu ya baadaye: ada ya viza dola 185, ada ya SEVIS ya wenye viza ya J-1 dola 220, jumla zaidi ya shilingi 50,000 kabla hujafikiria nauli. Tukasema Mungu akifungua, tutachanga.

Kulikuwa na swali moja kwenye fomu: umefikishaje utafiti wako kwa umma? Aliandika mhadhara alioutoa kanisani Freretown, watu 30 hivi. Watu laki nne walikuwa wamesikia kazi yake na hakuweza kuiandika.

Aliingia kwenye orodha ya kusubiri. Akasubiri. Barua ya mwisho ilikuwa na adabu sana.

Msiniambie nililipiza kwa kusema "Afrika itafute suluhu zake." Hiyo lugha ya makongamano siiwezi. Nasema kitu kidogo chenye bei. Sheria yetu ya sayansi ya 2013 iliunda mfuko wa taifa wa utafiti na ikasema utengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujawahi kufika hata karibu. Sidai asilimia 2. Mtafiti mmoja, shilingi 150,000 kwa mwezi, miaka miwili, ni milioni 3.6. Watafiti watano ni milioni 18. Magari mangapi ya aina ile nyeusi ndefu yanapita kwenye msafara mmoja? Basi mtupe pesa za moja tu. Wawekeni Mombasa, Fort Jesus pana vyumba na pana watu wa makumbusho wanaoijua pwani. Sharti liwe kwamba nusu ya mihadhara yao itolewe kwa Kiswahili, mlango wazi, na kila mzee aliyehojiwa aalikwe kwanza.

Mtasema wafadhili wa nje wapo. Walikuwepo, tena wazuri. Baraza la vyama vya wasomi la Marekani, ACLS, liliendesha kwa zaidi ya miaka kumi mpango wa kuwapa watafiti wa fani za utu nafasi za posidoki hapahapa Afrika, kwa pesa za Carnegie, walewale waliolipia vitabu vya Schomburg. Nchi zilikuwa tano: Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania, Uganda. Soma tena hiyo orodha. Majirani wetu wawili wamo. Mtu wa Tanga aliweza kuomba, mtu wa Lunga Lunga hapana. Ukitegemea orodha ya mtu mwingine, siku moja utajikuta haumo, na hakuna pa kulalamika.

Kuna rafiki yangu wa Kongowea aliyenijibu nilipomsomea haya: "Bro, watu hawana unga, wewe unataka tulipe mtu achunguze majina ya watumwa." Namheshimu, ana watoto wawili. Lakini nilimuuliza kuhusu Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walikuja kulima mkonge na miwa, watoto wao wakazaliwa hapa, na bado walikaa miongo bila vitambulisho, bila akaunti ya benki, bila laini ya simu yenye jina lao. 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kama kabila la 43. Kwa mtu asiye na kitambulisho, swali "mlitoka wapi, lini, na nani alishuhudia" ndilo linaloamua kama atapata unga. Akasema sawa, lakini tuanze na unga. Tuliishia hapo, hatukukubaliana, tukaenda kula viazi karai.

Mimi kwa upande wangu nimebadilisha kitu kimoja. Video yoyote ya historia nitakayotoa itaanza na jina la aliyefanya utafiti, si mwisho kwa herufi za mchwa. Na kama ni mtu ambaye hana kazi ya kudumu, theluthi ya nitakachopata kwa hiyo video ni yake. Wenzangu wawili wamekubali, mmoja amenitoa kwenye kundi la WhatsApp.

Dakta anaomba tena mwaka huu, Virginia na kwingine kuwili. Dirisha lake limebaki misimu miwili. Yule mzee aliyefunga mlango ameufungua nusu, baada ya nyanya mwenyewe kwenda kumwona na kumwambia huyu mjukuu wangu ni mjinga lakini anafundishika. Tunaenda Jumamosi. Masharti yake: hakuna simu mezani, hakuna picha ya uso, na maswali aulize Dakta peke yake. Mimi nimepewa kazi ya kubeba mkate.